Maharagi Yenye Kuota Nyeupe

Beni, tarehe 26 mwezi wa tatu 2025

Anne-Marie mudogo wangu,

Salamu kwako na kwa wote ba Kimemi. Siye tuko bazima. Wifi yako Falonne anakusalimia, anasema umesahau kutuma ile dawa ya kikohozi. Nakuandikia ku karatasi juu simu haipite tena upande huu tangu bachome antena. Zorobabel wa camion amekubali kukuletea barua hii pamoja na mufuko. Usishangae ukiufungua: ni udongo.

Maharagi ulitutumia, tulipanda siku mvua ilianza. Unajua vile batu balifurahi. Hawa bakimbizi bote balitoka vijiji vya upande wa Mbau na mikono mitupu. Mbegu yao ya nyumbani balikula mu njia, ao iliungua pamoja na nyumba. Mapadri ba paroisse balipotupatia hii shamba karibu na barrière, pahali basoda ba jeshi banafunga njia, bamama baliimba. Kwa mara ya kwanza tangu nimekuwa katekista wao, niliona batu banagombania jembe.

Kisha ikaota nyeupe.

Hapana yote. Mingi ni kijani, inapendeza. Lakini kati yake, hapa moja, pale tatu, mu mistari fulani karibu robo, kunatoka maharagi nyeupe kabisa. Shina nyeupe, majani nyeupe kama karatasi hii. Inasimama vizuri siku chache, inalegea, inakufa. Mu sehemu ya Salomon, mukimbizi mwenzetu, iko mingi kupita kwa wengine. Yeye njo aliita batu. Mama mumoja akafanya alama ya musalaba, na bengine bote bakafanya vile vile. Kasonia, bibi ya Salomon, akaniuliza mbele ya bote: «Katekista, hii ingine ya kijani tukiivuna tukakula, itatuua?» Nilimwambia nitauliza.

Tuliita agronome wa État, mutaalamu wa kilimo wa serikali. Jina yake Ignace, balimutuma huku toka Kwilu. Ni mutu muzuri, lakini Kiswahili kinamutesa. Alivunja udongo mu mikono, akanusa, akasema: «Mabele oyo elembi.» Maana yake udongo umechoka. Alisema tuuache upumzike. Hapo Salomon akapaza sauti: «Kama udongo huu umechoka, wetu haujachoka. Turudie kwetu.» Kwao ni ng'ambo ya muto, pembeni ya msitu. Unajua bale bauaji wenye kukaa mu ule msitu.

Donc basi, wewe ulisomea mambo hii. Angalia udongo, uniambie ni nini. Fanya mbio.

Yaya wako,
Stanislas


Butembo, Kimemi, 31/3/2025

Yaya Stanislas, kaka yangu,

Mufuko umefika, na barua. Dawa ya Falonne iko mu mikono ya Zorobabel, mumuulize.

Kwanza, jibu kwa Kasonia: hapana, haitaua mutu. Haragi ya kijani ni chakula. Umwambie leo.

Pili, huo udongo siuamini kuwa na kosa. Nimekuwa mu mambo ya mbegu tangu nimalize masomo, na nimeona mashamba yenye njaa. Udongo wenye njaa unageuza majani manjano pole pole, tena unatesa shamba yote. Hauchague kati ya ndugu wawili wenye kusimama pamoja, kumupa mumoja kijani na kumunyima mwengine. Ignace alijibu haraka.

Inabaki mbegu, na hapo moyo wangu haupendi kwenda, juu mbegu ilitoka kwangu. Wacha nikuelezee vile ilikuwa. Ile maharagi, marehemu mzee Kakule aliikusanya mu vijiji vya Lubero mbele ya vita, kila aina mu boîte yake ya kufunga, tukaiweka mu chambre froide, chumba cha baridi cha nyumba yetu ya mbegu. Imelala mule karibu miaka makumi tatu. Lakini baridi haikukaa siku zote. Courant ya umeme inakatika, mazout ya mashine inakosa, kila mutu mu hii ville anajua. Mwaka jana, wakati batu ba Kanyabayonga bote balikimbilia hapa na batoto ku mugongo, maharagi ya soko iliishia mu vyungu. Hakukubaki mbegu. Tukafungua boîte. Tulipanda mu shamba yetu ya Vuhovi mu mwezi wa tisa. Sehemu kubwa ilikataa kuota, na hiyo haikunishangaza, ilikuwa imezeeka. Ile iliota ilikuwa kijani yote, ikazaa vizuri. Watoto wake njo niliwatumia ninyi.

Kama wazazi walikuwa kijani, watoto wanatokaje nyeupe? Niko na wazo, lakini siandike wazo, nataka kuona kwa macho. Leo ninapanda. Nitapanda ile mbegu mu udongo wako, mu udongo wa hapa, na mu muchanga niliouchemusha. Pembeni nitapanda mu udongo wako maharagi ingine, mupya, ya balimaji ba Vuhovi, yenye haikutoka mu boîte. Hapa kwetu baridi inachelewesha kuota, donc munivumilie.

Baambie kwanza bangoye. Wasing'oe kijani. Na Yaya, mutu asivuke muto.

Anne-Marie


Beni, tarehe 9 mwezi wa ine 2025

Mudogo wangu,

Umesema tungoye, na mimi nasema hivyo kila asubui, lakini sauti yangu inaanza kukosa bei.

Batu habaongee tena juu ya udongo tu. Kuna wenye kusema ni sumu, ilitiwa na wenye kutaka ardhi yetu ibaki tupu. Kuna wenye kusema ni uchawi. Bananiuliza kila siku: «Hii mbegu ilitoka kwa nani?» Nimejibu ni ya projet ya musaada. Nimesema neno ile tu, projet, na habajui projet gani. Falonne peke yake anajua. Usikasirike. Juma iliyopita, mu quartier ya jirani, bamechoma nyumba ya mama mumoja juu ya maneno madogo kupita haya. Polisi balifika wakati paa ilikuwa imekwisha kuanguka.

Salomon amekuwa mukali. Unamujua, ni ule aliyenibebea mutoto wangu Kambale mu mugongo siku tulikimbia, njo maana siwezi kumujibu vibaya. Juzi amesema mbele ya watu: «Siku nitamujua mwenye kuleta hii mbegu, atakula yote mbichi, kisha tutaona.» Batu balicheka. Mimi sikucheka.

Alisimama tena, akaongea: «Maiti nyeupe inaota mu shamba yetu, na katekista anatuambia tungoye. Tungoye nini?» Banaume ine bakamuunga mukono.

Nakuomba kitu kimoja. Kama unaweza kusema ni udongo, sema ni udongo. Mutu hawezi kuchoma udongo.

Stanislas


Butembo, 18/4/2025, Vendredi Saint (Ijumaa Kuu)

Yaya,

Siwezi kusema ni udongo. Haiko udongo.

Maharagi mupya ya Vuhovi, mu ule ule udongo wa Beni, imetoka kijani yote, hata moja haikukosea. Na ile mbegu yetu imetoa nyeupe kila pahali: mu udongo wako, mu udongo wa hapa, hata mu muchanga wa kuchemushwa. Nimeita collègue wangu wa kazi Syauswa aangalie naye, nisijidanganye. Ameona vile vile.

Soma pole pole hii nitaandika, juu utaisoma mbele ya watu bote.

Mbegu yenye kulala iko hai. Ndani yake muko ule urithi wenye kumufundisha mumea kutengeneza mizizi, majani, rangi. Ikilala miaka mingi, na zaidi joto ikiingia, ule urithi unavunjika kidogo kidogo. Siku inapata maji, inaamuka, na mbele ya kuota inajaribu kutengeneza pale pamevunjika. Kama pamevunjika sana, inashindwa na inaoza: ni ile ilikataa kuota Vuhovi. Kama pamevunjika kidogo, inatengeneza, lakini pengine inatengeneza vibaya. Ile kosa inabaki, na wazazi banaipitisha kwa batoto. Njo tunaita mutation.

Sasa, juu ya nini wazazi walikuwa kijani? Juu kila mumea iko na ule urithi mara mbili, upande wa mama na upande wa baba. Upande mumoja ukiharibika, ule mwengine unafanya kazi, na jicho haliwezi kuona kitu. Haragi inajizalisha yenyewe. Mu batoto wake, kuna bale banapata upande mubaya mara mbili, karibu mumoja kwa ine. Huyo hana namna ya kutengeneza kijani, na bila kijani hawezi kujilisha. Anakula akiba yenye ilikuwa mu mbegu, akiba inaisha, anakufa. Hakuna sumu. Hakuna muchawi. Ni uzee na joto.

Na kuna dawa. Ile kijani ibaki mu shamba mpaka ikomae. Wakati wa kuvuna, chakula ni chakula, mukule. Lakini ya kupanda, muvune mumea moja moja, kila moja mu karatasi yake. Mupande kidogo ya kila moja. Mama mwenye kutoa mutoto nyeupe, hata mumoja, mbegu yake yote iende mu chungu. Wenye kutoa kijani tupu munabakiza, na musimu unaofuata munarudilia. Hatutashika kila kosa, lakini nyeupe itapungua sana. Ile maharagi ya mzee Kakule haiko tena pahali pengine, Yaya. Ikitupwa imekwisha.

Soma hii mbele ya watu bote. Sema na jina yangu, sema nyumba ya mbegu ya Kimemi. Kisha umupe Ignace, juu batu batamusikiliza kama naye anasema. Naogopa kama wewe. Lakini wakivuka muto juu ya kosa yenye haiko mu udongo, sitaweza kulala mu hii nyumba.

Zorobabel anangojea convoi ya magari yenye kulindwa na basoda, bamefunga njia tangu jana. Akifika tu, soma.

Anne-Marie


Beni, tarehe 1 mwezi wa tano 2025

Mudogo wangu,

Barua yako ilifika. Aksanti. Umeandika vizuri sana, baba angekuwa hai angejivunia.

Mambo iko inatulia. Batu banalima. Kambale amepona kikohozi. Usijitese na sisi.

Nachoka kidogo juu ya kutembea asubui.

Stanislas


Butembo, 5/5/2025

Yaya,

Banalima wapi?

Shamba ya paroisse iko nyuma ya chapelle, ile kanisa ndogo, karibu na kwenu. Mutu wa kwenda pale hachoke kutembea. Unanijibu kama vile unajibu basoda ku barrière.

Uliisoma mbele yao? Ignace alisema nini? Salomon alisema nini? Umeniandikia mistari ine, na hakuna hata mumoja yenye kugusa nyeupe. Kama balikasirika na mimi, niambie balikasirika. Nitabeba. Mukubwa wa hapa nimekwisha kumuelezea yote, alishika kichwa, kisha akasema tutatuma mbegu ingine. Siko peke yangu.

Yaya, nakuomba kwa jina ya mama. Niambie munalima wapi.

Anne-Marie


Beni, le 13 mai 2025

Madame Anne-Marie,

Mimi ni Ignace, agronome wa État hapa Beni. Hatujaonana. Pardon kwa Kiswahili yangu. Najua jina yako juu Madame Falonne alinipa, na alinionyesha nyumba yako iko Kimemi.

Niko na habari mubaya. Tarehe nane, banaume ba site ya bakimbizi balikuwa ng'ambo ya muto, mu mashamba yao ya zamani. Balianza kwenda kule juma ya kisha ya Pâques, ile Pasaka. Katekista Stanislas alikuwa anatangulia mbele yao kila siku. Mimi hapana jua ni juu ya nini, juu mwanzoni alikuwa anawakataza. Bale ba msituni balitokea wakati wa jua kali. Monsieur Salomon aliuawa. Stanislas na kijana mumoja mwenzake balikamatwa, balibebeshwa muzigo, bakaingizwa mu msitu. Bengine balikimbia. Basoda balifuata, balirudi bila kitu.

Madame, mimi nilisema udongo umechoka. Sasa nimepanda maharagi ya soko mu ule udongo, imetoka kijani. Donc nilikosea, na batu balivuka na neno yangu mu masikio. Stanislas aliniambia mwezi wa tatu alikutumia udongo. Nilimuuliza mara kadhaa kama jibu imefika. Alisema bado. Kama uko na résultat yoyote ya kupima udongo, nakuomba tuma, juu batu bamebaki wanataka kurudi kule kuchukua vitu vyao, na mimi hapana tena na neno ya kuwazuia.

Ignace


Beni, tarehe 16 mwezi wa tano 2025

Belle-sœur Anne-Marie, wifi yangu,

Nimemwambia Ignace akuandikie juu mimi nilikuwa na Kasonia mu kilio. Leo nimepata nafasi.

Tumemuzika Salomon. Kasonia hakulia. Anakaa mbele ya tente yake, anachagua muchele wenye hauko na jiwe.

Stanislas hatujui aliko. Batoto bananiuliza, najibu yuko safari.

Niko na ulizo moja kwako. Ignace anasema sasa kosa iko mu mbegu. Batu bote hapa banasema projet, lakini mimi najua projet ni wewe. Nilikuwa pale tukishusha mifuko, nilisoma maandiko yako juu yake. Wewe ulisoma, wewe uko na vyombo, wewe unajua maharagi kupita mutu yeyote wa hii famille. Ulijua? Kama ulijua, juu ya nini hukusema? Bwana yangu alikutumia udongo ku mufuko, akangoya, akangoya, mpaka akachoka, akavuka muto. Ulinyamaza juu ya kulinda jina ya nyumba yako ya mbegu?

Kama ni vile, usiniandikie tena. Kama haiko vile, sema.

Falonne


Butembo, 20/5/2025

Monsieur Ignace,

Résultat iko hapa, karatasi mbili, na namna ya kuchagua mbegu. Ni mbegu, haiko udongo. Shamba ya paroisse iko sawa, batu barudi pale. Ulipanda mwenyewe na ukaona, donc wewe njo unaweza kuwaelezea. Taja nyumba ya mbegu ya Kimemi, taja na jina yangu.

Hii résultat nilimutumia ndugu yangu siku ya Vendredi Saint. Tarehe moja ya mwezi wa tano aliniandikia kwamba ilifika. Wewe unasema alikuambia bado. Sasa unajua ile mimi najua. Nakuomba sana, kama mutu mwenye heshima: usimwambie Falonne. Yuko anangojea bwana yake. Asimungojee na hasira.

Anne-Marie


Butembo, 20/5/2025

Falonne dada yangu,

Mbegu ni yangu. Kosa iko mu mbegu. Ignace ataelezea batu bote, nimemutumia maandiko yote, na batajua ni mimi.

Uko na haki ya kuniuliza, na uko na haki ya kukasirika. Sina maneno ya kujitetea. Ningekuandikia wewe tangu mwanzo, sikukuandikia. Hapo njo nilikosea.

Usiniambie nisiandike. Nitaandika tu, hata kama unatupa. Kila asubui naenda ku bureau ya bale wanaopokea majina ya wenye kukamatwa, nasimama ku mustari. Nikisikia neno, hata ndogo, utaipata siku ile ile. Batoto wako ni wangu.

Musirudi ng'ambo. Kama ni vitu, tutanunua vingine.

Anne-Marie


Beni, ku hôpital, tarehe 4 mwezi wa sita 2025

Mudogo wangu,

Niko hai. Mukono wangu wa kuume umefungwa bandage, Ignace njo anaandika, mimi nasema. Kama Kiswahili kimepinda mahali, ni yake.

Balitutembeza mu msitu na mifuko ya muchele ku kichwa. Yule kijana alianguka, hawakumuacha aamuke. Siwezi kusema zaidi juu yake, mama yake hajamaliza kulia. Mimi nilitoroka siku basoda balipiga kambi yao risasi. Nilikimbia na muzigo ku kichwa, nikasahau kuutupa. Nilitokea ku njia kubwa, mama mumoja wa kuuza ndizi akanificha chini ya turubai.

Ignace amenionyesha ile ulimuandikia. Najua sasa vile ulimujibu Falonne. Aliniambia juma iliyopita, hapa pembeni ya kitanda: «Dada yako ni mutu mubaya, Stanislas, alitunyamazia.» Njo niliamua kusema kweli.

Barua yako niliisoma peke yangu nyuma ya chapelle. Niliposikia jina yako mu kichwa changu, nilisikia pia sauti ya Salomon na kicheko ya bale watu. Nikaona nyumba yako inawaka. Nikasema, msitu naujua, mashamba ya ng'ambo nimelima tangu utoto. Nitatangulia mbele yao, hatari ikitokea itanikuta mimi kwanza. Hatari yako wewe sikuwa na namna ya kuitangulia. Kwa hiyo nilinyamaza, na nikamudanganya Ignace, na nikakudanganya wewe. Lakini siku ile haikunikuta mimi kwanza. Salomon alikuwa amenipita, alikuwa na haraka ya kumalizia mustari.

Siku ya bwana iliyopita niliomba docteur aniache niende. Ignace alinipeleka ku pikipiki yake. Kisha ya misa nilisimama, nikasema yote. Nikasema mbegu ilitoka kwa dada yangu, dada yangu alitafuta kosa na akaipata, alitaka niitangaze na jina yake, na mimi nilikatala. Hakuna mutu alipaza sauti. Ningependa wapaze.

Kasonia alikuwa mbele. Aliniuliza kitu kimoja tu.

«Ile barua ilifika mbele ya Salomon kufa?»

«Ndiyo.»

«Uliisoma?»

«Niliisoma.»

Alifunga mutoto vizuri ku mugongo, akatoka. Bamama bamoja bakamufuata, kisha bengine, mpaka tukabaki sisi banaume na bazee. Falonne naye alitoka. Tangu siku ile hajakuja hapa hôpital. Chakula analeta Kambale.

Sikuombe kitu. Nilitaka tu usibebe ile haiko yako.

Stanislas

Madame, mimi Ignace nabakia na neno moja. Nami nilisimama siku ile, nikasema nilikosea juu ya udongo. Ninyi mulikuwa mbali. Mimi nilikuwa pale pale, na sikuangalia mbegu.


Beni, tarehe 8 mwezi wa sita 2025

Anne-Marie,

Juma nzima imepita tangu ile misa. Nilikuwa nakasirika na Stanislas, nikikasirika na wewe, nikirudi kwake. Juu ya nini ulikubali nikutukane vile? Ungesema mustari mumoja tu. Ningekuamini, maandiko yako nayajua. Lakini ningemungojea yule mutu namna gani, nikijua? Sijui. Sitakuuliza tena.

Kasonia alikuja kwangu jana. Alikaa chini, akakatala kiti. Akasema: «Yule dada wa Butembo aliandika kweli?» Nikasema aliandika. Akasema: «Mutu wa kwanza kutuambia bwana yangu hakukufa juu ya uchawi, ni yeye.» Nikamujibu ni Ignace alituambia. Akasema: «Ignace alisoma tu. Nataka kuisikia toka kwa mwenyewe.» Nikamwambia pengine unaogopa kuja, juu ya ile Salomon alisema. Aliniangalia sana, akasema: «Salomon alisema mambo mingi. Nilikuwa bibi yake, sikuwa shahidi ya maneno yake.»

Shamba ya paroisse tumerudilia. Majani ya pori ilikuwa imeingia, tumepalilia sisi bamama. Maganda inakauka, mu siku chache itakuwa tayari. Ignace anatuambia kila mumea mu karatasi yake, lakini anashindwa kutuonyesha vile, anachanganya Kiswahili na Lingala mpaka tunacheka, na sasa hivi siyo wakati wa kucheka. Bengine bananiuliza kama kweli itasaidia. Siwezi kujibu. Wewe unaweza.

Kasonia hataki kuonana na Stanislas. Pengine mwaka ujao, pengine hapana. Mimi nitaenda kumuona kesho, nitampelekea chakula mwenyewe. Zaidi ya hapo bado sijui.

Convoi inatoka Butembo siku ya posho, ile Jumamosi. Zorobabel amesema atakubakizia nafasi mbele. Ku barrière useme unaenda kwa Falonne, banakujua. Utalala kwangu, mu kitanda yangu, na Kasonia amesema atakuja kukupokea ku njia.

Falonne